"Anko, hii gemu haina goli?" Jinsi ya kucheza RPG mpaka ikulipe

Likizo ya Desemba mpwa wangu wa Kidato cha Pili alikuja kukaa kwangu Pasua, hapa Moshi. Siku ya kwanza tu umeme ukakatika mchana, nikafunga mapema kibanda changu cha ufundi simu, na aliporudi kutoka dukani akanikuta barazani na laptopu mapajani. Nilikuwa ndani ya kijiji cha gemu, naingia nyumba hadi nyumba, naongea na mwenye duka, na bibi wa kisimani, na mtoto aliyepoteza mbwa wake. Alisimama nyuma yangu muda mrefu akitazama. Mwisho akauliza, "Anko, hii gemu haina goli?"

Lilikuwa swali la haki. Yeye amekulia kwenye gemu za mpira na za magari, ambako ndani ya dakika kumi unajua kama umeshinda au umeshindwa. Nilimwambia akae, nitamwonyesha goli lilipo. Tulicheza wiki mbili, na nimeona niandike nilivyomfundisha, kwa sababu nawajua watu wengi waliopata RPG nzuri, yaani gemu ya hadithi ambamo unavaa uhusika wa mtu, wakaicheza saa mbili, wakaifuta wakisema ina maneno mengi.

Anza na daftari. Daftari la kawaida la mistari, na kalamu. Najua gemu za siku hizi zinakuandikia kila kitu zenyewe, lakini sikiliza kwanza. RPG haikuzaliwa kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu. Kila mchezaji aliandika mtu wake kwenye karatasi: nguvu zake, mali zake, jina lake. Mwaka 1986 Mjapani Yuji Horii na wenzake wakatoa Dragon Quest, RPG ya kuchezea kwenye televisheni, na gemu hiyo nzima ilikuwa kilobaiti 64, ndogo kuliko picha moja unayotumiwa WhatsApp. Kule Japani katriji yake haikuwa na mahali pa kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia. Ukitaka kulala, gemu ilikupa maneno ya siri marefu, unayanakili kwenye karatasi, kesho unayaingiza moja moja ili uendelee. Ukikosea herufi moja, safari yako imepotea. Kwa hiyo mtu mwenye daftari kwenye RPG anafuata desturi ya tangu mwanzo.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika mistari mitatu kabla hujabonyeza chochote: mtu wako ni nani, anataka nini, na nini hatafanya hata iweje. Huo wa tatu ndio wenye kazi. Mpwa wangu aliandika: "Ni mtoto aliyepotea. Anataka kurudi nyumbani. Hatamdhuru aliyempa chakula." Mstari huo wa mwisho ulikuja kumtoa machozi, nitafika huko.

Kurasa zinazofuata ni za majina ya watu unaokutana nao na ahadi ulizowapa. Mimi nina za ziada, za maneno ya Kiingereza. Kiingereza changu cha kazini, cha kusoma michoro ya simu na kuandikiana na wauza vipuri wa nje, kimetoka kwenye gemu hizi na kamusi iliyokosa jalada.

Nilianzia Majengo mwaka 2003, nikiwa darasa la sita. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na banda la gemu lenye televisheni mbili na PlayStation mbili za kijivu. Jioni lilikuwa la watu wa mpira, mechi moja shilingi 100, aliyefungwa anampisha mwenzake. Jumamosi asubuhi lilikuwa tupu, na mwenye banda alikubali nicheze kwa saa. Kwenye boksi lake kulikuwa na sidii tatu ndani ya mfuko wa nailoni ambazo hakuna aliyezitaka. Zilikuwa za Final Fantasy VII, gemu ya Kijapani ya mwaka 1997.

Gemu ile inakuruhusu kumpa jina jipya kila anayejiunga na safari yako. Kuna msichana muuza maua. Nikampa jina la dada yangu mkubwa, mama yake huyu mpwa, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa akinipa hela ya Jumamosi. Na kwa kuwa alikuwa dada, nilimtunza. Silaha nzuri nilimpa yeye. Nilizunguka porini kupigana na vinyama vidogo asubuhi nzima ili apande levo, yaani aongezeke nguvu. Mwishoni mwa sidii ya kwanza, akiwa amepiga magoti anasali, adui anashuka kutoka juu na kumchoma upanga mgongoni.

Nilibonyeza kila kitufe. Dawa za kufufua nilikuwa nazo kumi na moja, nimezinunua mwenyewe dukani kwa hela ya gemu. Nikamwuliza mwenye banda nizitumie vipi. Akaniambia huyo hafufuki, na atakayekwambia kuna njia anakudanganya. Jina la dada likapita kwenye maneno ya waliobaki, nikalipa saa yangu, nikaondoka. Nyumbani nilimkuta dada uani anamenya ndizi za mtori. Nikachukua kisu cha pili, nikakaa karibu yake, tukamenya beseni zima. Sikumwambia sababu.

Ndiyo maana nakwambia: gemu ikikuruhusu kutoa majina, toa majina yenye uzito kwako. Usiandike herufi tatu za haraka ili ufike kwenye vita. Jina ni kamba, litakuvuta mahali ambapo picha pekee haziwezi.

Sasa, gemu gani? Ushauri wangu ni mmoja na ninaushikilia: kwa mara ya kwanza chagua gemu yenye mwisho. Simu zetu zimejaa gemu zinazojiita RPG ambazo hazina mwisho, zinakuita kila asubuhi uchukue zawadi, zinakula bando, na wahusika wazuri wanapatikana kwa bahati nasibu ya pesa. Hizo zimetengenezwa ili usiondoke, basi. Hadithi inayokuheshimu inajua itakapoishia. Kama una simu tu, kuna Chrono Trigger ya mwaka 1995, ambayo sasa ipo kwa simu. Kama una laptopu dhaifu, kuna Undertale ya mwaka 2015, kazi ya Toby Fox karibu peke yake; inakwenda hata kwenye mashine ambayo ofisi imeitupa. Ukipata kompyuta nzuri kidogo, tafuta Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ya vijana wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, iliyotoka 2016. Inamhusu mwanamfalme Enzo aliyepinduliwa na kwenda uhamishoni pamoja na mkewe Erine. Kucheza RPG ambayo mfalme na malkia wake wana sura na mavazi ya Kiafrika kulinigusa kuliko nilivyotarajia, na ningependa kila kijana wa hapa aione.

Ukishaingia, tembea. Usikimbilie mshale unaokuonyesha misheni. Kijijini ongea na kila mtu, halafu baada ya tukio kubwa rudi uongee nao tena, kwa sababu mara nyingi maneno yao yamebadilika. Watengenezaji wanajua wengi hawarudi, na bado wameyaandika. Chrono Trigger inaanza kwenye sherehe ya mji. Unazurura, kuna chakula cha mzee mmoja kimeachwa mezani, unakula kwa kuwa gemu nyingine zimekuzoesha kwamba kilicho mezani ni chako. Kuna msichana umegongana naye, mkufu wake umeanguka. Je, ulimwangalia yeye kwanza au ulikimbilia mkufu? Baadaye unashtakiwa mahakamani, na mambo hayohayo madogo yanaletwa kama ushahidi wa tabia yako, hadi kile chakula. Mara ya kwanza nilipofika pale nilirudisha kiti nyuma. Nilidhani hakuna aliyekuwa ananitazama.

Hapo ndipo malipo ya RPG yalipo, kwa jinsi ninavyoielewa baada ya miaka zaidi ya ishirini. Levo zinafurahisha, panga zinazong'aa pia, sikatai. Lakini kinachomfanya mtu azungumzie gemu moja miaka kumi ni kwamba gemu ilimkumbuka. Msikilize mtu wa mpira: "Nilimpiga tatu bila." Msikilize mtu wa RPG: "Mimi nilimwachia." Anazungumza kama mtu aliyekuwepo.

Kwa hiyo kanuni ngumu kuliko zote kwenye mwongozo huu: ukiamua jambo likaharibika, usirudi kwenye sevu ya nyuma. Acha liharibike.

Mpwa wangu tulimwanzishia Undertale. Kama unataka kuicheza bila kujua kitu, ruka aya hii na mbili zinazofuata. Mtoto ameanguka shimoni, kwenye nchi ya viumbe wa chini ya ardhi. Anampokea Toriel, mama mwenye sura ya mbuzi, anamshika mkono kumvusha kwenye miiba, anampa chumba, anampikia pai. Lakini mtoto anataka kurudi kwao, na Toriel anaziba njia kwa kuogopa atauawa huko mbele. Inabidi mpambane. Ipo njia ya kumaliza bila kumuua, ila inataka uvumilivu: unachagua kumsamehe, anakataa, unachagua tena, anakataa, unachagua tena. Mpwa wangu alichagua mara nne, akaona haifanyi kazi, akapiga. Akapiga tena akidhani akidhoofika ataachia njia. Pigo la mwisho likamwua.

Mkono wake ukabaki juu ya kibodi. Akasema, "Anko, mimi sikutaka." Kisha akatazama daftari, pale alipoandika kwamba hatamdhuru aliyempa chakula. Nikanyamaza. Akafunga gemu bila kusevu, akafungua upya, akarudia mapambano, safari hii akasamehe na kusamehe mpaka Toriel akashusha mikono na kumkumbatia. Akapumua. Akasonga mbele kidogo, na hapo likatokea ua la njano lenye uso wa mtu, likamwambia kwamba linajua alichofanya: alimuua, halafu akarudi nyuma kwa majuto.

Aligeuka akanitazama kama vile mimi ndiye niliyesema. "Limejuaje? Sikusevu!" Nikamweleza kwa lugha ya ufundi, kwamba gemu inaandika faili jingine pembeni, hata usiposevu. Maelezo hayakumpunguzia kitu. Alikaa na jambo lile hadi usiku, na wakati wa kula akaniuliza kama kosa ulilolifuta unaweza kusema hukulifanya. Nimeishi na mtoto huyu tangu anyonye, hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo.

Kwa watu wazima, walio na PlayStation 4 au zaidi, somo hilohilo lipo kwenye The Witcher 3, ya Wapolandi wa CD Projekt Red, ya Mei 2015. Humo unakutana na baroni mmoja, bwana wa ngome, mlevi, mcheshi, mwenye huzuni, anayekuomba umtafutie mke na binti waliopotea. Kadiri unavyochunguza unagundua hawakupotea, walimkimbia. Alikuwa akilewa na kumpiga mkewe hadi mimba ikatoka. Sisi tuliokulia uswahilini nyumba hiyo tunaijua. Usiku unasikia kelele, asubuhi mwanamume yuleyule anakusalimia kwa heshima akielekea kazini, nawe unaitikia kwa heshima. Gemu haikuruhusu kumchukia kirahisi wala kumsamehe kirahisi. Halafu mahali pengine, kwenye jambo linaloonekana halihusiani, unakuta roho iliyofungwa chini ya mti na unaamua kuiachia au kuiua. Ukiiachia, watoto yatima wa kinamasini wanaokoka, lakini mke wa baroni anakufa na baroni anajinyonga. Ukiiua, watoto wanapotea, mke anaishi akiwa amerukwa na akili, na mumewe anaondoka naye kwenda kumtafutia tiba.

Mimi niliiachia, kwa ajili ya watoto. Niliporudi ngomeni nikamkuta ananing'inia mtini. Niliweka pedi ya kuchezea chini nikaenda kufunga mageti, ingawa yalikuwa yamefungwa. Laiti ningekuwa nimesoma mtandaoni kabla, ningechagua mwisho kama mtu anayechagua soda, na nisingebeba chochote. Hii ndiyo sababu namkataza mpwa wangu kutazama video za maelekezo kwenye mzunguko wa kwanza. Ukikwama kweli, siku mbili umekwama, mwulize mtu aliyecheza akupe dokezo moja tu.

Kuna wanaoona kushindwa ni kupoteza muda. Nenda ukaone Baldur's Gate 3, ya Larian wa Ubelgiji, Agosti 2023, ambayo inatumia kanuni za Dungeons & Dragons hadi dadu lenyewe linabingirika mbele yako. Kompyuta yangu haiiwezi. Naicheza Arusha, kilomita kama 80 kutoka hapa, kwa rafiki yangu dereva wa watalii, mwezi wa nne mvua za masika zinapompa mapumziko. Tunakaa wawili kwenye skrini moja, mhusika mmoja, kila uamuzi mpaka tukubaliane. Usiku mmoja tulibishana nusu saa tumwambie nini mlinzi wa lango, tukachagua maneno matamu kabisa, dadu la pande 20 likaangukia 1. Moja ni kushindwa hata uwe na ulimi wa asali. Ikawa vita, tukapoteza watu tuliotaka wawe marafiki. Mkewe alitoka chumbani kuuliza nani amekufa. Vita ile ndiyo tunayosimuliana hadi leo. Maongezi yaliyotuendea vizuri sikumbuki hata moja.

Mambo ya vita nayapitia haraka kwa sababu utayajua ukicheza. Usimfanye mtu wako ajue kila kitu; akiwa fundi wa vitu viwili anatosha, mengine waachie wenzake. Kuzunguka porini kupandisha levo sisi tuliita kulima, na kulima kukizidi kunachosha. Ukiona unalima zaidi ya saa nzima, pengine bosi, yule adui mkubwa, anayekushinda ana udhaifu hujausoma. Na dawa zitumie. Watu wanamaliza gemu na dawa 99 mfukoni, wametunza kwa ajili ya siku mbaya, na siku mbaya zilipita tano walifia hapohapo.

Kusevu, hapo sina mzaha. Memori kadi ya PlayStation ile ya kijivu ilikuwa na vyumba 15, na kila sevu yangu ilichukua kimoja. Miezi miwili baada ya msiba wa muuza maua, mtu alifuta sevu zangu zote apate nafasi ya ligi yake ya mpira. Sikupata kujua ni nani. Nilianza upya kuanzia sidii ya kwanza, na muuza maua nikampa tena jina lilelile, huku najua. Tangu hapo nasevu mahali pawili. Kwenye laptopu nakili folda ya sevu kwenye fleshi kila Jumapili. Umeme wetu unakatika bila hodi, kwa hiyo ukifika penye kusevu, sevu kabla ya kusoma barua, kabla ya kufungua sanduku, kabla ya kuitikia anayekuita nje. Hii ni kwa ajili ya umeme, siyo kwa ajili ya kukimbia ulichoamua. Tofauti hiyo unaijua mwenyewe moyoni.

Muda: saa moja na nusu kwa siku inatosha. RPG ikichezwa usiku kucha inageuka kelele. Ukifunga, andika mistari miwili daftarini ya kilichotokea, kama barua kwa mtu wako. Kesho ukisoma utaingia pale ulipoachia bila kuuliza ulikuwa unafanya nini.

Na ukimaliza? Gemu nyingi zinakaribisha mzunguko wa pili, na ni vizuri kurudi ukiwa mtu mwingine kabisa, umeandika mistari mitatu mipya. Chrono Trigger ina miisho zaidi ya kumi kwa ajili hiyo. Ila zipo ambazo ni bora kuziacha. Mpwa wangu alimaliza Undertale siku mbili kabla shule haijafunguliwa, bila kuua hata mmoja, kila kiumbe akiwa na furaha. Alipoifungua tena kesho yake, lile ua la njano likamwomba asianze upya, awaache waendelee na maisha yao.

Mwezi wa pili diski yangu ilijaa, nikampigia dada simu, nikaomba nizungumze na mtoto. Nikamwuliza kama naweza kuifuta, maana ameshaimaliza.

"Anko, usiguse," akasema. "Wako salama humo."

Nikafuta picha zangu za zamani za michoro ya simu. Folda yake bado ipo.